Presha haipimwi juu ya shati

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, na simpimi mteja kiuno juu ya koti.

Mwezi uliopita nilipanda ngazi hadi kliniki iliyo ghorofa ya tatu, nikaketishwa kwenye benchi lisilo na egemeo. Kabla pumzi haijatulia, mkanda wa kipimo ukafungwa juu ya shati la mikono mirefu. Mpimaji ananihoji nimekula nini, nami najibu huku mashine ikijaa upepo. 168 kwa 98. Nikaambiwa nina presha, dawa ni za maisha.

Miongozo inataka mgonjwa apumzike dakika 5, anyamaze, mkono uwe mtupu, usawa wa moyo; tena 140 kwa 90 au zaidi ionekane zaidi ya siku moja kabla ya kuambiwa ana presha, ila ikiwa juu kupindukia. Mkanda mdogo kuliko mkono, peke yake hupandisha namba.

Nilijipima nyumbani wiki nzima: wastani 128 kwa 79. (Mke wangu anasema presha yangu hupandishwa na kuogopa makoti meupe ya madaktari. Huenda.) Daktari mwingine alilisoma daftari langu, akanivalisha kifaa cha kupima presha kwa saa 24.

Kinachoniudhi, kiti chenye egemeo kilikuwepo pale. Kilipangiwa mafaili.

Msomaji wako