Dirisha kubwa halitoshi, hewa inataka pa kutokea

Mhariri,

Matangazo ya nyumba za kupangisha hapa Kisumu hayakosi maneno "ventilesheni ya kutosha". Ukifika kuiona nyumba yenyewe, unaonyeshwa dirisha pana la alumini, basi. Ningeomba wenye ploti, mafundi na wapangaji tuelewane kuhusu jambo hili. Krosi-ventilesheni ni upepo kuingia upande mmoja wa chumba, kukipita, na kutokea upande mwingine. Palipo na pa kuingilia tu, hewa kidogo hubadilishana kwenye dirisha hilo hilo, ila upepo haupiti.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dirisha la kutelezesha la mita 1.2 kwa 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 1.44, lakini kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, kwa hiyo kinachofunguka ni nusu, yaani 0.72. Tuseme ukuta wa pili una tundu la mita za mraba 0.05, na nyumba nyingi hazina hata hilo. Upepo unaopita hutawaliwa na nafasi iliyo ndogo zaidi, kwa hiyo chumba hicho kitapitisha hewa ya lile tundu, hata ukilipanua dirisha mara mbili. Sasa gawanya 0.72 iwe nafasi mbili za 0.36, moja kwa kila ukuta unaotazamana na mwenzake. Kwa upepo ule ule, hewa inayopita huongezeka karibu mara tano, na kioo hakikuongezeka hata kidogo. Madirisha mengi ya chuma ya zamani yalifunguka sehemu kubwa na yalikuwa na venti juu, yaani matundu ya hewa yasiyo na kifuniko. Tulipohamia alumini tulipoteza yote mawili kwa mpigo, na sioni kama kuna aliyefidia.

Upande wa kuweka nafasi hizo nao si wa kubahatisha. Mchana, nchi kavu ikishapata moto, upepo wa Kisumu hutoka ziwani, magharibi na kusini-magharibi. Usiku hugeuka, ukashuka kutoka milima ya Nandi. Shida ni kwamba mji huu uko karibu kabisa na ikweta, na jua hupiga kuta za mashariki na magharibi vikali. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upepo wa kusini-magharibi uingie kimshazari kwa ukuta wa kusini. Ukiwa na dirisha la bawaba linalofunguka nje kwenye ukuta huo, weka bawaba upande wa mashariki. Bamba likifunguka litausimamisha upepo unaoteleza ukutani na kuugeuza uingie ndani. Bawaba zikiwa magharibi, bamba hilo hilo litaukinga usiingie. Kizingiti cha chini cha dirisha kiwe kati ya sentimita 60 na 90 kutoka sakafuni, usawa wa mtu aliyeketi au kulala. Pa kuingilia na pa kutokea vyote vikiwa juu, upepo utapita juu ya vichwa vya watu.

Milango ya ndani husahaulika. Mchoro unaonyesha madirisha pande zote za nyumba, lakini usiku kila mtu anafunga mlango wa chumba chake, na njia inakatika. Acha nafasi ya sentimita 30 juu ya fremu ya mlango, iwekewe vibao vya mshazari ili mwanga na macho visipite.

Ugumu wenyewe uko kwenye safu za vyumba vilivyopeana migongo, kama vile vya mitaa ya Manyatta na Nyalenda hapa Kisumu, ambavyo mlango na dirisha viko ukuta mmoja. Hapo ukuta wa nyuma ni wa jirani, kwa hiyo pa kutokea patafutwe juu. Paa la upande mmoja liinuliwe sentimita 45 kuliko la mwenzake, na ule ukuta mfupi unaobaki kati yao ujengwe kwa matofali ya matundu. Ukuta wa kutenganisha majirani ufike hadi kwenye mabati, na kila upande uwe na matundu yake. Paa la chini liishie kwenye ukuta huo mfupi, na chumba chake kitolee hewa kwenye ukuta wa kando au kwa kitoleo kilichofunikwa juu ya mabati, maji ya mvua yasiingie. Chini ya mabati ya moto hewa hupanda yenyewe, hata upepo ukilala. Kimo kati ya pa kuingilia na pa kutokea kikiongezeka mara nne, hewa huongezeka mara mbili, ndiyo maana venti iliyo sentimita chache juu ya dirisha husaidia kidogo sana upepo usipokuwepo.

Kwenye maghorofa angalia lile shimo la mwanga lililo katikati. Wengi hulifunika kwa karatasi angavu za plastiki zilizolazwa juu ya ukingo, mvua isiingie. Moshi wa jikoni za chini hupanda, hugonga plastiki, kisha huingia madirisha ya ghorofa ya juu. Kifuniko kiinuliwe angalau sentimita 60 juu ya ukingo, pande zote ziwe wazi, na karatasi zitokeze nje.

Wavu wa mbu hapa hauepukiki, kwani kanda ya ziwa ni ya malaria. Lakini wavu hula sehemu kubwa ya hewa, kwa hiyo tundu liongezwe ukubwa mapema, na wavu usuguliwe kwa brashi na maji vumbi linaposhika. Wapaka rangi nao waonywe, maana wengi hupitisha brashi juu ya wavu na kuziba kila jicho.

Kupima ni rahisi. Saa tisa alasiri, na tena saa tatu usiku, washa dawa ya mbu ya kuchoma na uishike karibu na dirisha, kisha karibu na tundu la pili. Moshi ukivutwa ndani huku na kusukumwa nje kule, hewa inapita. Ukizunguka chumbani, tafuta kilichoziba: kabati, mlango, au ukuta wa ploti wa futi nane ulio hatua moja tu kutoka dirishani.

Kwa wenzetu wa Nakuru, baridi ya usiku huwafanya wengi wazibe venti kwa magazeti. Afadhali kupunguza uwazi wa dirisha na kuacha venti wazi. Aliyeingiza jiko la makaa chumbani asizibe chochote, na jiko litoke nje kabla ya kulala, kwa sababu gesi yake haina harufu na huua mtu usingizini.

Mchora ramani,
Kisumu