Malalamiko: grisi yenye stika ya uongo, na giaboksi mliyoiosha kwa thina

Malindi, Kaunti ya Kilifi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mombasa.

KUH: GIABOKSI MBILI ZA KIFARU CHA KUCHEZEA CHA RIMOTI ZILIZOPASULIWA NA GRISI YENU

Bwana au Bibi Meneja,

Salamu. Nambari ya risiti mnayo, karani wenu aliinakili mara mbili. Masharti ya kurudisha bidhaa ni yenu na mmeyabandika wenyewe ukutani. Kwa hivyo sitawachosha kwa utangulizi. Naanza na thina.

Nilipokuja dukani kwenu kulalamika, fundi wenu aliichukua giaboksi ya kushoto, ile yenye nyufa nne, akaimiminia thina ya rangi ya magari, eti aondoe grisi aone vizuri. Nilimwambia asifanye hivyo. Nikarudia. ABS, ile plastiki ngumu ya kasha, ikiguswa na thina hulainika papo hapo, hung'aa kama imelowa, kisha hupauka ikawa nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa. Halafu akaiinua juu foleni nzima ione, akasema: "Mzee, umeukokota mdoli kwenye mchanga wa Malindi, ukaupika juani, sasa unatafuta wa kumlaumu." Watu wakacheka. Ushahidi wangu ukaoshwa mbele ya macho yangu, na mimi nikageuzwa kichekesho.

Mchanga haupasui kasha, Meneja. Mchanga hula meno. Ungekuwa ni mchanga, grisi ingekuwa ya kijivu na ingekwaruza ukiisugua baina ya vidole, ncha za meno zingekonda na kupinda kama pezi la papa, na shafti zingekuwa na mikwaruzo ya kuzunguka. Gia za giaboksi ile zina meno kamili. Hata ule mshono mwembamba wa kiwandani bado upo. Kilichopasuka ni kasha, na kila ufa umeanzia kwenye nguzo ya skrubu. Giaboksi ya kulia nayo imepasuka mahali palepale, siku tisa baada ya kupakwa grisi, na hiyo ilikuwa bado rafuni kwangu. Haijafungwa kwenye kifaru wala haijaonja mchanga.

Sababu yake anayeuza bidhaa hizi anapaswa kuijua. Kasha ni ABS, gia ni nailoni na POM, plastiki nyingine ngumu ya gia. Nailoni na POM huvumilia mafuta yatokanayo na petroli bila taabu kubwa. ABS haivumilii, hasa pale inapovutwa, na nguzo ya skrubu huvutwa usiku na mchana kwa sababu skrubu inaitanua kutoka ndani. Mafuta hupenya baina ya nyuzi za plastiki, nyuzi zikaachiana, na ule mvuto uliokuwa ukistahimilika ukawa ufa. Ukikaza skrubu kupita kiasi mambo huharakishwa, ndiyo maana nilizikaza kwa vidole viwili tu hadi zikashika. Bado zikapasuka.

Na grisi yenyewe ni ya nini? Stika yenu inasema "salama kwa plastiki zote". Nilipoibandua kwa kucha nikakuta maandishi mengine chini yake: grisi ya beringi za magurudumu ya magari. Picha nimeiambatisha. Sijui mnaiitaje biashara ya namna hiyo. Mimi nina neno lake, ila nalizuia kwa heshima.

Sikutegemea lebo peke yake. Nilikata vipande viwili vya ABS vya sentimita 6 kutoka kwenye kasha kuukuu, nikavipinda kama upinde na kuvifunga kwa uzi. Kimoja nilikipaka grisi yenu, kingine nikakiacha kikavu, nikavipa saa 48. Asubuhi ya kwanza kile chenye grisi kilikuwa na vistari vyeupe vyembamba kama nywele kwenye mgongo wa pindo. Siku ya pili kilikatika nilipokigusa. Kikavu kingali kimepinda, kizima. Vyote vimo ndani ya bahasha hii. Jaribio hili hata karani wenu angeweza kulifanya kabla ya kubandika stika.

Kuna jambo lililotangulia haya yote, na hasira imenifanya niliruke. Kabla ya kununua nilipiga simu dukani kwenu, nikauliza giaboksi mpya iandaliwe vipi. Nikaambiwa niipulizie kwanza ile dawa ya kopo ya kulegezea kutu, "ilainike". Ningetii, maafa yangekuja mapema zaidi. Dawa ile ina kimiminika chepesi cha petroli cha kuibeba ipenye. Huisukuma nje grisi iliyopo, kisha huvuka na kuacha utando mwembamba usiolinda jino lolote. Ikifika kwenye mota, mafuta hushikana na vumbi la kaboni yakawa tope kwenye mianya ya komyuteta, ile pete ya shaba inayopokea umeme ndani ya mota. Nilidhani ni kosa la mtu mmoja aliyechoka. Sasa naona ndivyo mnavyofundishana.

Mlichopaswa kuniuzia ni grisi ya silikoni, au grisi ya PAO (mafuta ya sintetiki) yenye PTFE (unga wa Teflon utelezao), ambayo mtengenezaji mwenyewe, si duka, ameandika kuwa inafaa kwa ABS na polikaboneti. Plastiki kwa plastiki, silikoni yatosha. Pinioni, ile gia ndogo ya mota, ikiwa ya chuma na kusaga gia ya chuma, silikoni ni dhaifu, hapo itumike ya PAO. Grisi nyeupe ya lithiamu ichunguzwe kwanza: ikiwa mafuta yake ni PAO inafaa, ikiwa ni ya petroli ni balaa lilelile, hata weupe wake ukipendeza macho. Vaselini, ambayo karani wenu wa pili alinishauri "kwa kuokoa pesa", huyeyuka kwa joto la kifaru kilichoachwa juani na kumwagikia bodi ya umeme.

Karatasi yenu ya maelekezo nayo yasema nijaze nusu ya kasha. Nusu ya kasha! Kila gia hutaka grisi ya ukubwa wa punje moja ya mchele, ipakwe kwenye meno kwa kijiti cha kuchokolea meno, gia zizungushwe kwa mkono mara 20, na inayojikusanya pembeni ifutwe. Bushi, vile vikombe vinavyoshika shafti, hupewa tone moja la mafuta mepesi ya sintetiki kwa ncha ya sindano. Ukizidisha, mota hufanya kazi ya kukoroga grisi, hupata moto, na betri huisha haraka. Na huku kwetu Kusi ikianza kuvuma, ile chembe laini ya ufukweni huingia hata penye mfuniko. Grisi ya ziada huinasa, na kilichokuwa kilainishi kinakuwa msasa.

Ya zamani ikitaka kutolewa, hufutwa kwa kitambaa kikavu, kasha likaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, likakaushwa kabisa. Petroli, thina na asetoni hazikaribishwi kwenye ABS.

Hapo ndipo ninaporudi kauntani, kwa kuwa sijamaliza. Fundi wenu hakukosa kitambaa, kilikuwa begani mwake. Sabuni ilikuwa kwenye sinki nyuma yake. Alipita vyote viwili, akafungua chupa ya thina. Nikasema, "Kijana, hiyo ni ABS, usiiguse." Akanitazama usoni na kumimina. Alipoishika, plastiki ilikuwa imeshalainika, na kidole gumba chake kikazama juu ya nguzo ya skrubu, palepale ufa ulipoanzia. Alama ya kidole imebaki hadi leo, mistari yake yahesabika, na ufa haupo tena kwa sababu ameusawazisha kwa ngozi yake. Ndipo akaniita "mzee wa midoli" mbele za watu. Msimamizi wa zamu alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Naye alicheka. Nimepigiwa simu mara moja tangu siku ile, na mliyempa kazi hiyo aliniuliza kama nina hakika sikutumia thina mimi.

Picha za nyufa nne nilizipiga Malindi kabla ya safari, sarafu ya shilingi moja ikiwa kando ya kila ufa.

Nataka nirudishiwe bei ya giaboksi zote mbili na ya tubu ya grisi. Nataka pia nauli ya Malindi hadi Mombasa na kurudi, kwa kuwa ni nyinyi mliosisitiza nije mwenyewe. Nilipoanza barua hii ningetosheka na hayo. Sasa nataka tubu zote zenye stika ile ziondolewe rafuni, na kila aliyeinunua aarifiwe aifute kabla kasha lake halijapasuka. Na nataka radhi kwa maandishi, iliyotiwa saini na msimamizi aliyecheka.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinanipa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari za kuniwezesha kuzitumia, na fidia kasoro zake zikinitia hasara. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ipo. Kubandika stika juu ya lebo si jambo la kumalizwa kwa kicheko, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja bila kuuliza kama bidhaa ilikuwa mdoli.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimeisoma tena sehemu ya kidole gumba, na nawapa 7. Siku ya 8 nakala ya barua hii, picha na kasha lenye alama ya kidole vitapelekwa kwenye Mamlaka, na madai yangu yatafunguliwa Mahakama ya Madai Madogo. Kasha silileti tena kwenu. Atakayetaka kuliona na aje Malindi, na aache thina Mombasa.

Wenu,
Mteja, Malindi