Stelingi inatetemeka gari ikiwa imesimama? Usikimbilie kubalansi matairi

Mwezi wa kumi joto la Tabora mnalijua wenyewe. Umeenda stesheni kumpokea mgeni, treni bado, umekaa ndani ya gari AC imewashwa, gia iko D na mguu uko kwenye breki, alafu stelingi inatetemeka mpaka viganja vinawasha, ukianza kutembea inatulia kabisa kama hakuna kitu. Wateja wengi wanaotuletea shida hii hapa gereji wanakuja wakiwa wameshabalansi matairi, wengine wameshafanya na alaimenti, wengine wameambiwa wanunue stelingi reki nzima, na gari bado inatetemeka vile vile. Inatuuma, kwa sababu spea nyingi huku kwetu zinaagizwa Dar zinakuja na basi, ukiagiza kisicho chenyewe umepoteza hela ya spea, ya kifurushi, na siku ambazo gari imelala.

Tairi lisilo na balansi linasumbua gari ikiwa kwenye mwendo, mara nyingi kuanzia 80 kwenda juu, tuseme uko lami ya Nzega. Gari ikisimama matairi hayazunguki, yatatikisa nini? Kinachozunguka hapo ni injini na vitu vinavyovutwa na belti yake, kwa hiyo tatizo litafute kwenye injini au kwenye vitu vinavyoishikilia.

Kabla hujaja jipimie mwenyewe, haina gharama. Acha injini ipate moto vizuri, kanyaga breki, weka D usikilizie stelingi, alafu weka N. Ukiwa N kanyaga mafuta kidogo mpaka RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ifike kama 1000, usikilizie tena. Zima AC, washa AC. Gari nyingi ndogo za Toyota sailensa yake, yani RPM ya injini bila kukanyaga mafuta, injini ikiwa ya moto inakaa kati ya 600 na 800, ikishuka chini ya hapo injini inajikongoja na lazima utasikia mkononi. Alafu tofautisha mtikisiko wenyewe: kuna ule laini wa mfululizo, na kuna ule wa kurukaruka, unatulia kidogo unastuka, unatulia unastuka. Huo wa kurukaruka mara nyingi ni misi, yani kuna silinda haichomi. Wenye Passo ya silinda tatu mjue hiyo injini kwa asili ina mtikisiko zaidi kidogo kuliko ya silinda nne, msibadilishiwe vitu kwa sababu hiyo tu.

Sasa kama kwenye D inatetemeka sana, ukiweka N inapungua, na ukipandisha RPM kidogo inapotea, wa kwanza kumshuku ni maunting, na hapa ndo pesa za watu zinapoteaga. Injini haikai chuma kwa chuma, inakalia mipira. Kwenye Toyota nyingi ndogo kama IST ile maunting ya upande wa belti ina maji mazito ndani yanayomeza mtikisiko, ikipasuka maji yanavuja, utakuta alama nyeusi yenye unyevu imeteremka kwenye kikombe chake na vumbi limeganda pale. Sisi tunafungua boneti, tunaweka kigingi kwenye matairi, handibreki juu, mmoja anakanyaga breki anapeleka D, anarudisha R, mwingine yuko pembeni (kamwe sio mbele ya gari) anaangalia injini inanyanyuka kiasi gani. Ikiruka na kugonga, mpira umekwisha.

Kuna watu wanachonga mpira wa tairi wanajazia kwenye maunting iliyokufa. Tunaomba msikubali, ule mpira ni mgumu, mtikisiko wote unapita moja kwa moja kwenye bodi na stelingi inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Na maunting mpya ya bei ya chini sana nayo nyingi hazina maji ndani, ni mpira mtupu, ndo maana mtu anakuja analalamika kabadilisha juzi na bado inatetemeka. Pia ufungaji wenyewe: bolti zikikazwa injini ikiwa imejipinda upande, maunting mpya inavutwa muda wote na haifanyi kazi yake. Sisi tunazilegeza kidogo, tunawasha injini ikae sawa, tunazima, ndo tunakaza.

Kama ni misi tunapima na mashine. Ikitoa namba ya kosa P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo. Koili (inayopeleka moto kwenye plagi) ya silinda hiyo tunaihamishia kwenye silinda nyingine, tatizo likihama nayo basi koili ndo imekufa, lisipohama tunaenda kwenye plagi, nozeli, na kompresheni. Hakuna haja ya kununua koili nne kwa kubahatisha. Ila misi usikae nayo muda mrefu, petroli isiyochomeka inaenda kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye egzosi, na hiyo bei yake sio mchezo.

Sailensa ikiwa chini au inapanda na kushuka, tunaangalia throto, yani mlango wa hewa ya injini, ikiwa na masizi hewa haipiti vizuri, alafu paipu za hewa maana ikipasuka moja injini inavuta hewa isiyopimwa. Gari zinazoshinda kwenye vumbi la Sikonge na Uyui ziangaliwe na ea klina mara kwa mara. Throto ikishasafishwa gari nyingine zinahitaji kontrol boksi ijifunze sailensa upya, usishtuke ikipanda siku ya kwanza, ila isipotulia irudishe.

Na egzosi isisahaulike. Kisiki kimoja kinatosha kukata raba inayoning'iniza, bomba likaegemea bodi, ukasikia mvumo mpaka kwenye kiti.

Ukija kwetu, usichomoe betri na usikubali mtu afute taa ya cheki injini njiani, kumbukumbu zilizo mle ndo zinatuonyesha pa kuanzia. Kama shida inatokea asubuhi injini ikiwa ya baridi tu, ilaze gari kwetu tuiwashe wenyewe kesho yake.