Kabla Hujakata Tiketi ya Kwenda Kufunga Ndoa Nje

Wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, tunakokagua na kutafsiri nyaraka, wakiwa na mchumba wa nje huanza na swali la viza. Sisi tunaanza na cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo mazungumzo yanaporefuka.

Nchi utakayofungia ndoa itataka kujua mambo mawili juu yako: kwamba wewe ndiwe unayesema ndiwe, na kwamba huna ndoa nyingine. Mchumba wako hata awe na uwezo kiasi gani, hayo hawezi kukutolea. Yanatoka huku nyumbani.

Chukua jina la Kinyakyusa kama Ambakisye. Kadi ya ubatizo imeandika Ambakisye, cheti cha shule Ambakisie, na kitambulisho cha NIDA kimeweka jina la babu mahali pa ukoo. Rungwe hakuna wa kushangaa. Afisa wa ubalozi Dar es Salaam anaona watu watatu. Tofauti ya herufi kwa kawaida humalizwa na kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa jingine kabisa, itabidi uandaliwe hati ya kubadili jina na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Na kadi ya ubatizo, kwa heshima zote kwa wachungaji wetu, haisimami badala ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mkoa wa Mbeya ulitangulia mwaka 2013 katika mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ndiyo maana tunakutana na familia ambazo mtoto ana cheti na mama yake hana. Mtu mzima husajiliwa kama aliyechelewa, na hilo huchukua muda.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tukimuuliza kaka, "Umewahi kuoa?" anajibu upesi kwamba hapana. Tukiendelea kuongea inajitokeza kwamba ng'ombe walishapelekwa Kyela, wazee wakakaa, binti akahamia. Kaka, hiyo ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na kutokuwa na cheti hakuifuti. Hata mkikaa pamoja miaka miwili na majirani wakiwajua kama mume na mke, sheria hiyo inadhania mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Barua ya wazee kwamba mmeachana, au ya kanisa, si talaka. Talaka hutolewa na mahakama. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo huwa kwa Kiswahili, basi tunaitafsiri, na kazi hiyo tunaifanya karibu kila wiki.

Ukiwa huru kweli, unaomba RITA hati ya kutokuwa na pingamizi la ndoa. Baada ya hapo nyaraka zinapita Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi husika, kwa sababu Tanzania haimo kwenye mkataba wa Apostille wa 1961, ambao nchi wanachama hupokea hati za wenzao kwa mhuri mmoja tu. Malawi, hapo ng'ambo ya Mto Songwe, wamo. Mwenye mchumba wa Karonga atashangaa jinsi karatasi za mwenzake zinavyosafiri kwa mhuri huo kwenda nchi nyingine wanachama.

Kuhusu Denmark, ambako wachumba wa Kijerumani hupenda kupashauri: ni kweli wana utaratibu mwepesi. Mamlaka yao ya masuala ya familia, Familieretshuset, hukagua nyaraka na kutoa cheti kinachodumu miezi minne, na ndani ya muda huo mnafunga ndoa manispaa yoyote. Lakini Mjerumani anavuka mpaka kwa gari lake, wewe unahitaji viza ya Schengen. Kwa anayeishi tayari Ulaya kihalali ni njia nzuri. Kwa anayeanzia Uyole, hatuishauri.

England na Wales ni notisi ya siku 28, tena baada ya kukaa huko siku saba, na viza ya kwenda kufunga ndoa hairuhusu kubaki. Marekani, viza ya mchumba inawapa siku 90 za kuoana, na mchumba anayekuombea sharti awe raia wa huko.

Maoni yetu, ingawa yanatupunguzia kazi: mara nyingi ni rahisi mgeni aje, mtoe notisi ya siku 21 kwa msajili wa wilaya hapa, mfunge ndoa, ndipo mwombe viza ya mwenzi. Wazee nao watamwona mkwe wao.

Mkiamua kufungia huko, ndoa itatambulika hapa ikiwa imefuata sheria ya nchi ile na nyote mlikuwa na sifa za kuoana. Uraia wako haubadiliki kwa kusaini cheti cha ndoa.

Ukija ofisini, leta kila karatasi yenye jina lako, hata iliyochakaa. Mchumba atutumie picha ya pasipoti yake kwa WhatsApp, pamoja na hati ya talaka kama aliwahi kuoa. Kutazama nyaraka hatutozi.