Hugo yako iliyogeuka shira

Leeds, Juni 3

Shoga yangu Rehema,

Salamu kwanza, maana nikianza na glasi utasema nimesahau adabu. Hujambo? Watoto hawajambo? Huku jua limetoka siku nne mfululizo, watu wametapakaa kwenye majani kama nguo zilizoanikwa.

Haya. Picha ya Hugo yako, kile kinywaji cha mvinyo wa mapovu, pombe ya maua na nanaa, nimeiona na malalamiko yako nimeyasoma: tamu kama shira, gesi hakuna, Chausiku kaacha nusu. Chausiku huyu huyu wa vijiko vinne kwenye kikombe kimoja cha chai! Na wageni ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ngoja nikueleze.

Kageuze chupa yako ya prosecco, huo mvinyo wa mapovu wa Italia, usome maandishi. Nahisi imeandikwa Extra Dry. Wengi hunaswa hapo, kwa sababu jina linadai ukavu, yaani kukosa utamu, na mvinyo wenyewe una gramu 12 hadi 17 za sukari kwa lita. Iliyoandikwa Dry peke yake ndiyo balaa zaidi, 17 hadi 32. Wewe tafuta Brut, ambayo haizidi 12.

Halafu niambie, ulichomimina ni pombe ya maua ya elda, ule mti wa Ulaya wa maua meupe, au ni sharubati yake isiyo na kilevi? Chupa zinafanana, na vipimo unavyovikuta kila mahali vimechanganyika. Hugo ilipoanza mwaka 2005, mikononi mwa Roland Gruber kule Naturno, kaskazini mwa Italia, ilikuwa ya sharubati. Pombe kama St-Germain ilifuata mwaka 2007 kutoka kwa Robert Cooper wa Marekani, na watu wa kaunta kule waliitia kwenye kila kitu mpaka wakaibatiza tomato sosi yao. Kwa hiyo ukisoma mililita 15 hapa na 40 pale, huenda wote wako sawa, kila mmoja na chupa yake. Ila ukichukua kipimo cha pombe ukakijaza sharubati, hapo unaandaa kalimati.

Na ile shira uliyoongeza juu yake, Rehema, ya nini? Sheria ya Ulaya inataka pombe ya aina hiyo iwe na angalau gramu 100 za sukari kwa lita, na za maua huwa zinapita hapo. Chupa yenyewe ndiyo sukari yako.

Kwa glasi moja kubwa, pombe ya maua mililita 30, vijiko vikubwa viwili basi. Prosecco Brut 90. Maji ya gesi 40, yale matupu, si toniki, kwa kuwa toniki nayo ina sukari. Majani sita ya nanaa na kipande cha ndimu ukikamue ndani. Nanaa iweke kiganjani uipige kofi moja, harufu itoke. Usiitwange, hii si kisamvu. Ikisagika inaleta uchungu na kuganda kwenye meno ya wageni.

Gesi yako ilikufa kwa sababu mbili, nazo nimeziona kwenye picha. Vipande vitatu vya barafu, tena vidogo! Watu hubana barafu wakidhani ikiwa nyingi kinywaji kitakuwa maji. Ni kinyume: glasi iliyojaa barafu hubaki baridi, na barafu yake huyeyuka polepole. Jaza mpaka juu. Nunua mfuko wa kilo mbili, friza yako haitoshi. Sababu ya pili ni kijiko. Ulikoroga kama uji. Tanguliza pombe na nanaa, kisha barafu, kisha prosecco ukiinamisha glasi, maji ya gesi mwisho. Pombe ile ni nzito, hukaa chini. Ingiza kijiko mpaka kwenye kitako, inua mara moja, acha. Na prosecco ilale kwenye friji tangu asubuhi. Ikiwa vuguvugu, itatoka povu lote mezani.

Hesabu ya watu wanane, glasi mbili mbili: pombe ya maua mililita 480, yaani chupa moja ya nusu lita; prosecco chupa mbili za 750; maji ya gesi lita moja. Usichanganye kwenye jagi mapema. Najua utataka.

Kwa Shemeji asiyependa mapovu matamu kuna ya jini (ya chupa, si ya mbuyuni). Jini mililita 50, pombe ya maua 20, maji ya limau 20. Tia kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko mzuri pamoja na barafu, tikisa kwa sekunde kumi au kumi na mbili mpaka nje ishike ukungu, chuja kwenye glasi yenye barafu mpya, malizia na maji ya gesi na kipande cha tango. Limau likamuliwe siku hiyo hiyo. Na maji ya gesi yasitikiswe kamwe, mfuniko utaruka mpaka kwa jirani.

Bi Mwanaidi, yeye si wa pombe, mtengenezee ya sharubati: sharubati mililita 20, maji ya ndimu mililita 10, maji ya gesi 150, nanaa. Jagi lake liwe mbali, liandikwe jina, limiminwe kabla hujafungua chupa za pombe. Na chupa ile ya sharubati isome vizuri kabla. Nisingependa kusikia...

Ulitaka pia kujua kama unaweza kujitengenezea pombe ya elda kwa maua ya nyuma ya uwanja wa mpira. Wakati ndio huu, ila hakikisha ni elda kweli: ni mti wenye matawi ya mbao. Ukikuta mmea wenye shina bichi lililochomoka ardhini na madoa ya zambarau, usiguse, hiyo ni sumu. Chuma kukiwa kukavu, asubuhi, mashada 15 yenye unga wa manjano. Nusa kwanza. Likinukia kama pea na shokishoki, chukua; likinuka mkojo wa paka limezeeka. Usioshe, ule unga ndio harufu yenyewe; kung'uta wadudu tu. Vikonyo vya kijani toa, vina kemikali inayozalisha sianidi. Maua yaingie kwenye vodka mililita 700 na maganda ya limau moja, yazame yote, linaloelea huwa kahawia na kuharibu chupa nzima. Kuanzia siku ya tatu onja. Ladha ikikolea, chuja kwa kitambaa, tia sukari gramu 200, tikisa mpaka iyeyuke. Iweke kwenye friji. Hiyo ya dukani nayo ikifunguliwa iweke huko huko, maana rangi yake hugeuka na harufu hupotea.

Sasa nijibu: ni Extra Dry au si Extra Dry? Kipimo unacho au unakisia kwa macho? Glasi unazo za kutosha, au zile za Mama Zai hazijarudi? Chausiku anakuja tena au kasusa? Na ndimu huko mnauziwa ngapi siku hizi? Jaribu glasi moja kesho bila shira, unitumie picha kabla hujanunua chupa ya pili.

Wako,
Mwanahawa