Gesti yenye baa: mgeni wa alfajiri naye ni mteja

Mhariri,

Tangu mabasi ya mikoani yalipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, mpangaji wa chumba cha gesti maeneo yale ni mtu wa basi la alfajiri. Anataka kula saa 1 usiku, alale saa 4, aamke saa 10. Saa 4 hiyohiyo ndipo mteja wa baa anachangamka. Wenye gesti wengi huuona ugomvi huo nyumba ikiwa imeshapauliwa.

Jiko la kuchomea nyama likae magharibi mwa vyumba. Katikati ya mwaka kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Kuanzia Desemba kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Anayejenga wakati wa kusi akaweka jiko upande wa kaskazini, Januari moshi wa mafuta ya mbuzi unalala kwenye mashuka.

Spika isiegemee ukuta wa vyumba. Besi husafiri ndani ya tofali, na pazia zito halizuii kitu. Ikae kwenye stendi, mbali na ukuta, na saa 4 besi ishushwe kwanza kabla ya sauti.

Maji ndiyo yanayoaibisha zaidi. Simtanki moja la lita 2,000 hulisha vyumba, jiko na vyoo vya baa, na vyoo vya baa hulimaliza kabla ya usiku wa manane. Mgeni anafungua bomba saa 10, linakohoa upepo. Si lazima kununua tanki la pili. Bomba la baa na jiko litolewe katikati ya tanki, la vyumba litolewe chini. Maji yakishuka nusu, baa inakauka yenyewe, na lita kama 1,000 zinabaki za vyumba. Kwa vyumba kumi, kila mgeni akioga ndoo mbili za lita 20, zinatosha na chenji. Ila fundi atoboe tanki likiwa tupu, aweke na valvu ya kufungia maji, maana valvu isipokuwepo kurekebisha uvujaji ni kumwaga tanki zima.

Supu ya asubuhi isiachwe mezani usiku kucha ikapashwa moto saa 10. Ama ichemke taratibu muda wote, ama igawanywe kwenye sufuria pana ipoe haraka, iingie kwenye friji, kisha ichemshwe mpaka itokote. Tumbo likivurugika mtu yuko njiani kwenda Mwanza, jina la gesti yako litatajwa basi zima.

Bia msizigandishe friza kwa haraka, zinapasuka. Na friji isishindiliwe, baridi inahitaji pa kupita.

Mwisho, kitabu cha wageni kiongezwe safu ya saa ya kuamshwa. Mlinzi agonge mpaka ajibiwe kwa sauti, si kwa kukohoa.

Mwenye gesti,
Kimara, Dar es Salaam