Risala ya Klabu ya Kilimo kwa Mgeni Rasmi: Mboga za Magunia na Vyombo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tumeonelea dakika tulizopewa tusizimalize kwa kujisifu, tueleze kazi yenyewe: namna ya kupata mboga pasipo na shamba, iwe kibarazani, kando ya ukuta au juu ya zege.

Mheshimiwa mgeni rasmi, gunia la nafaka likijazwa hadi urefu wa sentimita 80, na kipenyo chake kikiwa sentimita 50, halifikii robo ya mita ya mraba pale chini lilipokaa. Ubavuni, hata hivyo, linachukua miche kama 30 ya sukuma wiki au spinachi iliyoachana sentimita 20, na juu mingine minne. Hesabu hiyo huwavutia wengi, na hiyo hiyo huwaponza, kwa sababu miche yote hiyo inagombea udongo mmoja na maji yale yale.

Kwa hiyo udongo ndio unaotangulia. Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, ndoo 2 za samadi iliyooza au mboji, na ndoo 1 ya mchanga mnene. Udongo mtupu hushindiliwa na maji ya kila siku mpaka mizizi ikakosa hewa. Samadi mbichi nayo huunguza mizizi kwa chumvi na amonia yake. Iliyo tayari haina joto ndani wala harufu kali. Kabla ya kujaza, loanisha mchanganyiko kidogo na ukamue donge mkononi. Likivunjika kwa kuguswa, endelea. Likikaa gumu, ongeza mchanga. Lisiposhikana kabisa, ongeza mboji.

Liweke gunia mahali pake pa kudumu kabla ya kulijaza. Likishalowa linaweza kuzidi kilo 200, na hapo hakuna wa kulisogeza. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kulima juu ya paa au kwenye roshani ahakikishe kwanza uimara wake, au atumie vyombo vidogo.

Katikati hujengwa nguzo ya kokoto za sentimita 3 hadi 5. Simamisha kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo hadi usawa wa kopo, kisha livute juu na urudie mpaka zibaki sentimita 5 za kushikia maji. Gunia lisilo na nguzo hutiririsha maji kwenye matundu ya juu, huku miche ya chini ikinyauka kwenye udongo mkavu. Mwagilia, uache siku 2 au 3 udongo utulie, ndipo utoboe. Ukitoboa mapema, udongo hushuka na kuiacha miche ikining'inia. Tundu lisizidi sentimita 5, na safu zipishane. Nyanya na pilipili hoho zikae juu tu, maana ubavuni huvunjwa na uzito wa matunda yake.

Kwa ndoo na madumu, mche mmoja wa nyanya unahitaji chombo cha lita 20. Mchicha unatosheka na kina cha sentimita 20. Toboa kitako matundu 5 hadi 8 ya sentimita moja, uyafunike kwa kipande cha wavu. Wengi humwaga kokoto kitakoni wakidhani zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii: maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, hivyo tope husogezwa karibu zaidi na mizizi. Nguzo ya gunia ni jambo jingine, kwani kazi yake ni kuyafikisha maji chini. Na chombo kilichobeba sumu ya wadudu, rangi au oili kisitumike hata kikioshwa mara ngapi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mazao mengi ya vyombo huharibikia kwenye umwagiliaji. Ingiza kidole sentimita 3; pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Mmea unaonyauka ilhali udongo umelowa hautaki maji zaidi, mizizi yake inakosa hewa. Nyanya inayooza kitakoni kwa doa jeusi mara nyingi hupuliziwa dawa bure. Chanzo huwa ni maji ya leo mengi kesho hakuna, kwa hiyo kalsiamu haifiki kwenye tunda. Matandazo ya nyasi kavu husaidia sana hapo.

Majani ya chini yakigeuka manjano kwanza, naitrojeni imesombwa na maji. Loweka samadi ndani ya kiroba siku 14, chukua sehemu 1 ya maji yake kwa sehemu 3 za maji safi, utie kwenye udongo kila wiki mbili. Usinyunyizie kamwe majani yatakayoliwa. Vidukari hudhibitiwa kwa kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, ikipuliziwa jioni chini ya majani, baada ya kuijaribu kwenye jani moja.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni pipa na mfereji wa kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa, kwani vyombo hukauka upesi kuliko bustani ya ardhini. La pili ni magunia yaliyotengenezwa kuhimili jua. Ya kawaida huchakaa na kupasuka kabla udongo wake haujachoka.

Tunaomba kuwasilisha.